Skrini Ikiganda, Usizime Mashine

Najua mmenizoea nikichambua simu mpya na bei za bando, lakini leo nataka kuongea kuhusu kitu kilichoniaibisha mbele ya auntie yangu na mbele ya mzee mmoja wa hapa Gitothua. Nimekaa nacho tangu 2023. Kinahusu kitufe kimoja, vile skrini inaweza kukudanganya, na elfu moja mia tano za mtu aliyekuwa anapanga kumzika bibi yake.

Auntie ana saiba hapa mtaani. Kompyuta tano, printa mbili, mashine ya laminesheni na kiti kimoja kibovu ambacho kila mteja anakijua. Nilikuwa nimemaliza fomu foo, namsaidia huku nikingoja chuo. Yeye alikuwa anaandika malipo na madeni kwenye daftari. Mimi na kiherehere changu nikamwambia daftari ni mambo ya kizamani. Nikachukua ile kompyuta kuukuu ya kaunta, nikaiwekea Linux, nikaanza kuandika rekodi zake kwenye faili moja ya maandishi nikitumia vim.

Kwa wale hawaijui, vim ni programu ya kuandika maandishi inayofunguka ndani ya terminali, lile dirisha jeusi lenye herufi tupu. Hakuna menyu ya kubonyeza na mausi. Kuna sababu nyingi nzuri za kuitumia, na yangu haikuwa mojawapo. Nilitaka mteja akiinama kuchungulia skrini aone kama niko kwenye filamu ya mahaka.

Sasa, ikafika Ijumaa, 30 Juni 2023. Kama umewahi kuwa kwenye saiba yoyote Kenya tarehe hiyo, unaelewa. Ndiyo siku ya mwisho ya kujaza ritani za ushuru, na sisi Wakenya siku ya mwisho ndiyo hutuamsha. Laini ilitoka nje ikapita mama mboga. Nilikuwa naandika malipo tangu asubuhi: huyu ritani, huyu fotokopi, huyu analipa deni ya juzi. Na tangu asubuhi sikuwa nimesevu faili hata mara moja. Saa kumi na moja hivi nikakumbuka. Mkono ukafanya vile umezoea kwenye programu zingine: Ctrl na S.

Skrini ikaganda. Nabonyeza herufi, kimya. Esc, kimya. Mishale, kimya. Nikaanza kupiga kibodi kama landilodi anabisha mlango tarehe tano. Nyuma yangu mtu anauliza, "Kijana, kwani tutalala hapa?" Jasho. Nikashikilia kitufe cha pawa mpaka mashine ikazima.

Ilipowaka, nikafungua faili. Vim ikaleta ujumbe mrefu wa kutisha, wenye namba E325, ikisema imepata faili ya swapu, kisha ikanipa chaguo kadhaa. Sikusoma. Nikaona D ni ya kufuta, nikabonyeza D ili hayo maneno yaondoke. Faili ikafunguka vile ilikuwa Alhamisi usiku. Ijumaa yote ilikuwa imeenda.

Nikamwambia Auntie, "Kompyuta imekula data."

Akasema tu, "Haiya." Laini ilikuwa ndefu, hakukuwa na wakati wa kunigombeza.

Jumatatu akaja guka mmoja kuchukua programu za mazishi ya bibi yake. Nakala mia moja, shilingi thelathini kila moja, jumla elfu tatu. Auntie akamwomba elfu tatu. Guka akasema kwa upole, "Nililipa nusu siku ya Ijumaa, mama." Auntie akanigeukia. Mimi nikageukia skrini. Nikatafuta jina lake, halikuwepo, na nikasema kwa sauti ya mtu anayejua kazi yake, "Haiko hapa, guka."

Hakubishana. Alisimama kidogo, akatoa pesa kwenye kitambaa, akahesabu elfu tatu, akabeba programu zake akaenda. Nilijua vizuri kwamba rekodi za Ijumaa zilipotea. Bado niliiamini skrini kuliko mtu aliyefiwa.

Jumatano nikipanguza meza nikapata bahasha imeanguka nyuma ya skana. Ndani kulikuwa na picha ya bibi yake, ile aliyotuletea tuiskani. Juu ya bahasha, kwa mwandiko wangu mwenyewe: programu 100, amelipa 1,500.

Auntie hakunipigia kelele. Alitoa 1,500, akaniwekea mkononi pamoja na bahasha, akasema, "Nenda wewe." Nikaenda jioni. Kwenye ploti yao kulikuwa na mkutano wa matanga, viti vya plastiki vimepangwa nje. Nikamweleza guka, sauti yangu ikawa ndogo. Alichukua picha kwanza, akaiangalia, akaiweka kwenye mfuko wa koti. Ndipo akachukua pesa, akampa mweka hazina wa mchango. Mweka hazina akaandika kwenye daftari. Guka akaniambia, "Sawa, kijana wangu. Kaa unywe chai." Hiyo chai ilikuwa ngumu kumeza.

Usiku huo nilianza kusoma ni nini hasa kilitokea, na nikagundua kwamba kompyuta haikula kitu. Kwanza, haikuwa imeganda. Kwenye terminali, Ctrl na S ni amri ya zamani sana, ya enzi za mashine za teletaipu, inayomaanisha "simamisha kuonyesha". Ctrl na Q inamaanisha "endelea". Vim za zamani, kama hiyo yetu, haziizuii hiyo amri. Kwa hivyo skrini ilisimama, lakini vitufe vyangu vilikuwa bado vinapokelewa. Kila kitufe nilichopiga kwa hasira kilikuwa kinaingia ndani na kungoja, na mimi sioni. Ningebonyeza Ctrl na Q mara moja tu, kila kitu kingefunguka mbele yangu, pamoja na uchafu wote niliopiga, na uchafu huo ungefutika kwa kubonyeza Esc kisha u mara kadhaa.

Pili, hata baada ya kuzima mashine, karibu kazi yote ilikuwa bado ipo. Usipoibadilisha mipangilio yake, vim huandika mabadiliko kwenye faili ya swapu kila baada ya herufi 200, au ukinyamaza kwa sekunde nne. Ule ujumbe wa kutisha ulikuwa unaniambia kazi yangu iko salama na kuniuliza kama niirudishe. R ya kurejesha ilikuwa hapo hapo. Mimi nikabonyeza D. Aliyekula data ni mimi.

Mtandaoni utani wa vim ni mmoja tu: watu wanaingia wanashindwa kutoka. Ni poa, tucheke. Lakini kutoka ni rahisi, Esc kisha :q! basi. Kitu hatufundishani ni kwamba terminali ina modi, na skrini inakuonyesha modi moja tu ya mambo yanayoendelea.

Fikiria steji ya Ruiru. Matatu haitoki mpaka ijae. Konda anapanga watu, anatoa aliyepanda kimakosa, ndipo anagonga bodi waende. Hiyo ndiyo modi ya kawaida ya terminali: unaandika, unafuta, unarekebisha, na programu haipati kitu mpaka ubonyeze Enter. Boda naye hangoji mtu. Abiria mmoja, twende. Hiyo ni modi ya pili, ambayo vim huwasha ikifunguka ili kila kitufe kiifikie papo hapo. Watu wa Unix huziita iliyopikwa na mbichi, ni kama walikuwa na njaa.

Vim ikifungwa vizuri, inarudisha terminali vile iliikuta. Ikiuawa ghafla, kwa mfano kwa kill -9, hairudishi kitu. Unaweza kubaki na terminali inayokusikia lakini haionyeshi unachoandika, ukadhani imekufa. Haijakufa. Andika stty sane bila kuona, bonyeza Enter. Enter ikikataa, jaribu Ctrl na J. Na kama skrini imejaa alama za ajabu ajabu, andika reset.

Kuna jambo lingine linalotisha watu bure. Ukifungua vim, yote uliyokuwa umeandika kwenye terminali yanapotea. Ukiifunga, yanarudi, na yale ya ndani ya vim yanapotea. Hakuna uchawi. Terminali nyingi zina kurasa mbili. Vim ikiingia inaomba ukurasa wa pili, ikitoka inarudisha wa kwanza. Kama ungependa maandishi yabaki yakionekana baada ya kutoka, iambie vim :set t_ti= t_te= na haitaomba ukurasa wa pili tena.

Na ukibonyeza Ctrl na Z vim ikatoweka, usilie. Imelala tu nyuma. Andika fg, itarudi na kazi yako.

Hata jina lake linatokana na mambo haya. Katika miaka ya 1970, Bill Joy, akiwa mwanafunzi Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, aliandika programu iitwayo ex, ya kuhariri mstari mmoja mmoja. Ndani yake kulikuwa na amri ya visual, inayokuonyesha ukurasa mzima. Kifupi cha hiyo amri ndicho vi. Yaani vi ilizaliwa ikiwa modi ya skrini ya programu nyingine.

Vim ilikuja baadaye, 1991, kutoka kwa Mholanzi Bram Moolenaar. Na hapa ndipo niliposhtuka. Ukifungua vim bila faili, mara nyingi utaona mstari unaokuomba usaidie watoto maskini wa Uganda. Nilikuwa nimeuona mara mia nikidhani ni tangazo. Andika :help uganda usome. Bram aliwahi kujitolea kwenye kituo cha watoto cha Kibaale, kusini mwa Uganda karibu na mpaka wa Tanzania, eneo ambalo UKIMWI uliacha mayatima wengi. Vim ni ya bure. Alichoomba ni kwamba ukiipenda, uchangie hao watoto. Alifariki 3 Agosti 2023, wiki tano hivi baada ya mimi kuzima mashine ya Auntie kwa nguvu. Toleo la 9.1, lililotoka Januari 2024, limetolewa kwa kumkumbuka yeye.

Huo mstari nao ulikuwa mbele ya macho yangu miezi yote hiyo, na sikuusoma, vile tu sikusoma E325.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Sisi ambao tunajifunzia kwenye mashine za mkono wa tatu, stima ikipotea wakati inataka na bando ikiisha katikati ya kazi, ndio tunahitaji kuelewa terminali zaidi ya wale wenye mashine za laki mbili. Wao wakipoteza kitu, kiko kwenye seva fulani. Sisi tukipoteza, ni pesa ya mtu. Kabla hujaweka mitambo yako ya kisasa kwenye biashara ya mathe au auntie, jua itafanya nini siku ikikataa. Na kama hujui, acha daftari mahali lilipo.

Usingoje siku ya laini ndefu. Fanya mazoezi leo, ukiwa umetulia. Fungua terminali, na kama unatumia bash jaribu hivi. Bonyeza Ctrl na S, andika date, bonyeza Enter. Kimya. Sasa Ctrl na Q, uone vile kila kitu kinatokea. Kisha andika stty -echo, Enter, uandike ukiwa kipofu, halafu ujitoe kwa stty sane. Ukichoka kabisa na hiyo Ctrl na S, weka stty -ixon kwenye faili yako ya .bashrc. Mwisho, fungua vim, andika mistari kumi, subiri kidogo, funga dirisha kwa nguvu bila kusevu, kisha ufungue na vim -r ikifuatwa na jina la faili. Ukisharudisha kazi yako na kuisevu, ndipo ufute ile swapu.

Saiba bado ipo. Pale kwenye kaunta nimebandika karatasi imeandikwa Ctrl na Q, stty sane, na SOMA KWANZA. Auntie aliruhusu ile faili irudi, kwa sharti moja: malipo yanaandikwa kwenye daftari kwanza, kompyuta baadaye. Sikubishana. Na guka akipita akielekea steji huwa anapunga mkono, nami huwa nasimama kumsalimia, hata kama kuna laini.