Kutafuta vikopo kwenye makanisa ya Stamford

Stamford ni mji mdogo wa Uingereza, wa nyumba za mawe na makanisa 5 ya kale. Alasiri moja yatosha kuyazunguka kwa miguu. Nchini humo familia hucheza mchezo ulioanza Marekani mwaka 2000: kutafuta vikopo vilivyofichwa, kwa telefone na satelite. Vingi viko karibu na makanisa. Mara nyingi mtoto husoma kwanza miaka iliyochongwa makaburini na kuijumlisha, ndipo ajue pa kutafuta. Kwenye makaburi ya St Martin amelala Daniel Lambert, mtu wa kilo 335, aliyefariki 1809.

Akipata kikopo, mtoto huandika jina lake kwenye karatasi iliyomo, kisha hukirudisha palepale kwa ajili ya mwenzake asiyemjua.

Parokiani kwetu tunaweza kuanza bila telefone, maadamu wazee wanaojua historia ya kila jiwe wangali nasi.