Onyesha Ulipoyasoma

Wanafunzi wangu wengi wa Kiingereza pale Kakuma waliingia Kenya kupitia Nadapal, kituo cha mpakani ng'ambo ya Lokichoggio, Sudan Kusini inapoishia na Turkana kuanza. Kutoka hapo magari ya Umoja wa Mataifa yaliwaleta kambini, kambi iliyofunguliwa 1992 kwa ajili ya wale wavulana waliovuka jangwa kwa miguu kuikimbia vita. Niliowapata mimi walikuwa wadogo zao. Walikaa madawati mamoja na Waturkana, Wasomali, Wakongo na Waethiopia, na wote walisubiriwa na KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ule ule wa mwanafunzi wa Nairobi.

Vitabu vilikuwa haba. Barabara ya kutoka Lodwar ilikuwa mashimo matupu, magari yakienda kwa msafara chini ya ulinzi wa askari, na kasha la vitabu lilipofika lilikuwa na nakala za kugawana benchi kwa benchi. Basi tulisoma kwa sauti. Mmoja alisoma, wengine wakasikiliza, na aliyekwama alisaidiwa na jirani.

Tulipofika An Enemy of the People, tamthilia ya Henrik Ibsen ya 1882, sikulazimika kueleza mengi. Daktari anagundua kwamba maji ya bafu zinazouletea mji wake riziki yamechafuliwa na taka za viwanda vya ngozi. Ndugu yake ndiye meya, na hataki habari itoke. Norway ni mbali, lakini hakuna mtoto wa Kakuma asiyejua foleni ya bomba, mitungi ya lita 20 imepangwa tangu alfajiri, na maneno yanayosemwa pale. Mvulana mmoja wa Kiturkana alisimama akamtetea meya: ukikifunga kisima leo mifugo inakufa kesho, ugonjwa utakuja baadaye. Msichana wa Kidinka akamjibu kwamba anayejua maji ni mabaya akanyamaza, huyo ndiye anayeua. Darasa likagawanyika.

Nilikuwa na sharti moja tu: onyesha ulipoyasoma. Wakafunua kurasa. Nakala zilipitishwa juu ya vichwa, mtu akisoma maneno ya meya, mwingine akisema, endelea, soma na yanayofuata. Yule mvulana alirudi kwenye mkutano wa hadhara wa sehemu ya nne akaona jinsi daktari mwenyewe anavyowatukana watu wa kawaida, akapata hoja ambayo hata mimi sikuwa nimeiandaa: kwamba kusema kweli hakumpi mtu ruhusa ya kuwadharau wenzake. Huo ndio uhakiki wa fasihi kama ninavyoujua. Kengele ililia, na bado waliufuata mjadala hadi uwanja wa mpira.

Fasihi simulizi nayo ilikuwa ndani ya somo la Kiingereza, kwa kuwa mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985 uliunganisha lugha na fasihi. Kitabu cha kiada kilitupa hadithi za mazimwi kutoka kwingine, lakini nyuma ya shule ulipita mto Tarach. Ni katika bonde la Tarach ambako, kwa masimulizi ya Waturkana, vijana wa Kijie kutoka Uganda ya leo walimfuata fahali aliyepotea wakamkuta Nayece, mama mzee, akiokota matunda ya mwituni. Nilimwomba binti mmoja atusimulie. Hakumaliza. Kijana wa Kitoposa, jamii ambayo ni ndugu wa Waturkana wa upande wa pili wa Nadapal, alimkatiza akisema kwao haisimuliwi hivyo. Tukaziweka simulizi mbili ubaoni tukaulizana kwa nini kila jamii inabakiza kipande hiki na kuacha kile.

Nafasi hiyo ya simulizi darasani ilidaiwa zamani: mwaka 1968 wahadhiri Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka katika chuo ambacho sasa ni Chuo Kikuu cha Nairobi wakitaka idara ya Kiingereza ivunjwe, na fasihi ya Afrika, simulizi ikiwemo, iwekwe katikati. Nilijivunia kuwaambia wanafunzi wa kutoka Sudan kwamba huyo Taban ni wa kwao.

Leo barabara ya kwenda Nadapal ina lami. Tangu 2018 serikali imekuwa ikipeleka vitabu vya kiada moja kwa moja shuleni. Riwaya ya Henry ole Kulet, Blossoms of the Savannah, ilipokuwa kitabu cha lazima, nilialikwa katika darasa moja la kidato cha nne. Riwaya hiyo ni ya dada wawili wa Kimaasai wanaotakiwa kukeketwa. Mbele yangu walikaa wasichana wa Kiturkana, ambao mila yao haina tohara ya wanawake, bega kwa bega na wasichana wa jamii ambazo desturi hiyo ingali hai. Hakuna darasa Kenya lililokuwa na mengi zaidi ya kuambiana.

Hawakuambiana kitu. Nilifunua daftari moja, kisha la jirani: utangulizi ule ule, hoja nne zile zile, hitimisho lile lile, vyote vimenakiliwa kutoka mwongozo uliosambazwa kwa simu. Insha ya kitabu cha lazima ina alama 20. Utangulizi 2, hoja nne kwa alama 3 kila moja, lugha 4, hitimisho 2. Mwongozo umepimwa kwa kipimo hicho. Riwaya zenyewe zilikuwa kwenye kabati, safi, hazijakunjwa hata ukurasa.

Siwezi kuwalaumu wale watoto, wala mwalimu wao, kijana niliyemfundisha mwenyewe. Darasa lake linapita wanafunzi mia. Nafasi za kwenda kusoma Kanada kupitia shirika la WUSC hutazama gredi ya KCSE, na kwa mkimbizi gredi hiyo huweza kuwa mlango pekee wa kutoka kambini. Ningekuwa mzazi wao ningenunua mwongozo kwanza.

Lakini inaniuma. Na sasa, katika mtaala mpya, kwa walioingia gredi ya 10 mwaka 2026, fasihi ya Kiingereza imerudi kuwa somo la kujitegemea, la kuchagua. Nilimuuliza yule mwalimu kama shule yake italifundisha. Akasema, “Mwalimu, tuko wawili tu wa Kiingereza, na hatujapewa wa tatu.” Anaikumbuka hadithi ya Nayece vizuri, yeye ndiye aliyeishika chaki siku ile, akaandika upande wa Watoposa.