Rungwa, Nchi ya Miyombo na Asali

Wasomaji wasiichanganye Rungwa na Rungwe, ule mlima wa mvua na migomba ulio karibu na Tukuyu. Rungwa tunayoisimulia imo kusini mwa Mkoa wa Singida, upande wa Itigi, mahali ambapo njia ya Itigi hukutana na ile ya Tabora, zikaendelea pamoja hata Chunya na Mbeya. Wapitao kwa magari hudhani kuwa wamepita katika pori tupu.

Sivyo hata kidogo. Hii ni Ukimbu, nchi iliyotajika zamani kwa pembe za ndovu, na mtemi wake mashuhuri alikuwa Nyungu ya Mawe. Alipofariki mwaka 1884 utawala wake ulishikwa na binti yake, Mgalula. Nasi twaona vema mabinti zetu walijue jambo hilo.

Mvua huko ni ya msimu mmoja, na mbung'o waliwazuia ng'ombe kwa miaka mingi. Kwa sababu hiyo Mkimbu aliwaelekea nyuki, viumbe ambao Sura ya 16 ya Qur'ani imeitwa kwa jina lao. Gome la myombo hubanduliwa zima, likakunjwa kuwa mzinga, nao ukatundikwa juu mtini. Mrinaji hupanda usiku na mwenge wa moshi, akashuka na masega. Asali ni chakula na dawa, na nta nayo ina soko lake. Ila mti uliobanduliwa gome pande zote hufa, na hapo ndipo sisi twausifu mzinga wa mbao.

Zaidi ya hayo liko jambo la ardhi. Wakati wa Waingereza watu wengi wa nyika hizi walihamishwa na kukusanywa pamoja ili kuwaepusha na malale. Kisha ikawekwa Hifadhi ya Wanyama ya Rungwa, ambayo sehemu yake ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka 1964. Ndovu na simba wamepata makao, na hilo ni jema. Lakini haingii mtu humo bila ruhusa, na mrinaji ambaye babu yake alitundika mizinga ng'ambo ya mpaka hana budi kuomba kibali, au aridhike na miti iliyobaki nje, ambayo mashamba na mifugo ya wahamiaji yaisogelea kila mwaka.