Acha Mtoto Aimalizie Hadithi

Kitahana, Kibondo

Mjukuu wangu mpendwa,

Babu ameisoma barua yako mara kadhaa, hasa pale unapouliza hadithi gani iwafae watoto wa darasa lako, wale wanaoshtuka mlango ukigongwa.

Watoto wa Buha, nchi yetu sisi Waha, wana mengi ya kubeba. Kambi ya Nyarugusu kule Kasulu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita. Mwaka 2015 wakaja Warundi, na kambi ya Nduta, hapa hapa Kibondo, ikafunguliwa upya. Tena si wa kambini peke yao. Vijijini wapo waliozika mama zao wakiwa bado wadogo, na wapo wanaolelewa na bibi kwa sababu baba alikwenda kutafuta maisha na hajarudi.

Kwa watoto kama hao masimulizi husaidia. Kule kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Konstanz cha Ujerumani waliwasaidia watoto wakimbizi wa Kisomali kwa njia ya masimulizi. Katika njia hiyo mtoto hupewa kamba, akailaza chini: ndiyo maisha yake tangu kuzaliwa. Penye jambo jema huweka ua, penye baya huweka jiwe. Kisha husimulia tangu mwanzo, ua kwa ua, jiwe kwa jiwe, na mtu mzima husikiliza na kuandika. Ncha ya kamba huachwa imeviringishwa, kwa kuwa miaka mingine bado inakuja. Ripoti yao ya mwaka 2005 ilihusu watoto sita tu, lakini dalili za kiwewe zilipungua, na miezi tisa baadaye nafuu ilikuwa ingalipo.

Sababu ya nafuu hiyo inaeleweka. Hofu kubwa hukaa kichwani vipande vipande: mlio, harufu ya moshi, sura ya mtu. Mtoto akivipanga kwa maneno yake, kilichotangulia na kilichofuata, huanza kuona kwamba yale yalitokea siku ile, mahali pale, na yamepita.

Kazi ya kamba na mawe ni ya waliofunzwa. Mwalimu asimchokonoe mtoto. Mwalimu anao Sungura na Fisi wa hadithi, na hao wanatosha sana! Mtoto asiyethubutu kusema "niliogopa" atasema bila shida kwamba Sungura aliogopa. Basi mwalimu aikatize hadithi pale Sungura alipotumbukia shimoni, aulize, "Sasa afanyeje?" Kisha anyamaze, hata kama kimya kitarefuka. Mazoea ya kuuliza haraka "hadithi hii inatufundisha nini?" humfunga mtoto mdomo, kwa kuwa hutafuta jibu la kumridhisha mwalimu badala ya kusema lililo moyoni.

Ziko pia hadithi za ukoo. Huko Marekani, Marshall Duke na Robyn Fivush wa Chuo Kikuu cha Emory walitunga maswali 20 kuhusu familia: babu na bibi walikutana wapi, ni shida gani ziliwapata. Waliona kwamba watoto waliojua zaidi habari za kwao walijiamini zaidi. Waha tunazo habari hizo tele. Wakati wa mkoloni wazee wetu wengi walikwenda kuwa manamba, yaani vibarua wa mkataba, kwenye mashamba ya mkonge Tanga. Miaka ya 1970 kaya zikahamishiwa vijiji vya ujamaa, zikaacha migomba yao. Wape watoto kazi ya kuuliza nyumbani: nani wa kwenu alihama, alikosa nini, nani alimpokea? Asiye na mzazi amuulize jirani mzee. Na wazee wasifiche sehemu ya kuanguka, kwa kuwa mtoto aliye taabuni anataka kujua hasa mtu aliinukaje.

Mtoto akiendelea kwa wiki kadhaa kukosa usingizi, kukojoa kitandani au kutosema kabisa, usimwachie hadithi peke yake. Ongea na mlezi wake, kisha mwende pamoja kwa afisa ustawi wa jamii.



Babu yako