Hakuna Cherehani Kiraka

Katika soka letu, kuitwa kiraka ni sifa. Mchezaji kiraka ni yule ambaye kocha anampanga beki leo, kesho kiungo, na mashabiki hawanung'uniki. Lakini mtoto akienda shule na kiraka kwenye sare, neno lilelile linageuka kuwa umaskini. Nimekulia Rusimbi, Kigoma, katika nyumba iliyoishi kwa viraka, na maana zote mbili nazijua.

Viraka vyetu ni mabaki ya vitenge. Mama huyakusanya kwa mafundi wa Mwanga, huyakata miraba, huiunganisha, kisha chini yake hutandika blanketi kuukuu, na chini kabisa shuka. Tabaka hizo tatu zikishonwa pamoja unapata kile ambacho kamusi inakiita mfarishi na sisi tunakiita blanketi la vipande. Mwezi wa saba, upepo wa ziwa ukipiga usiku, utalitafuta mwenyewe.

Kazi hiyo inapita kwenye cherehani tatu. Ya kwanza ni Butterfly ya kukanyaga, ya Mama. Inashona mshono mnyoofu tu, lakini kwa kuwa inaendeshwa kwa miguu, mikono yote miwili inabaki huru kuongoza kitambaa. Hiyo ndiyo ya kuunganisha miraba. Mama amebandika plasta kwenye bamba, kulia kwa sindano. Ukingo wa kitambaa ukifuata plasta, kila mshono unakuwa na upana uleule. Si urembo. Ukizidisha milimita moja kila upande wa mshono, mishono 10 inakula sentimita 2, na safu hazikutani tena.

Ya pili ni ndogo, ya umeme, ya mtumba, niliyomletea kutoka Dar es Salaam ninakosoma shahada ya umahiri. Inapiga zigizaga, na kile kichuma kinachokandamiza kitambaa, ambacho mafundi hukiita mguu, unaweza kukibadilisha kulingana na kazi. Cherehani ya kawaida ina meno ya kusukuma kitambaa chini tu. Tabaka zikiwa tatu, ya chini inatangulia, ya juu inabaki nyuma na kujikunja. Mguu mmoja niliomnunulia una meno yake, unasukuma tabaka ya juu sambamba na ya chini. Mama aliujaribu, akageuza blanketi kuangalia upande wa nyuma, akasema, "Huu umesoma."

Ya tatu ni Singer ya mkono, ya Bibi. Mkono wa kulia unazungusha, wa kushoto unabaki peke yake na kitambaa. Utotoni kazi yangu ilikuwa kuzungusha, ili Bibi apate mikono miwili. Tuliitumia pale pembe za miraba minne zinapokutana na mikunjo kurundikana. Hapo cherehani ya umeme hutikisika na kuvunja sindano. Ile ya Bibi ni chuma kizito. Unazungusha kidogo, sindano inazama, inatoka, unasimama hapohapo unapotaka.

Bibi alifariki mwaka huu. Baada ya arobaini, wajomba zangu wawili na Mama walikaa kuhesabu mirathi, nami nikapewa karatasi niandike bei, kwa kuwa ndiye msomi. Tulipofika kwenye Singer, Mjomba mkubwa alisema, "Hiyo ipimwe kama chuma chakavu. Dada ana ya umeme siku hizi, inafanya yote." Akataja shilingi 10,000.

Bei hiyo ilitufaa sana. Kwa mgawo wetu wa Kiislamu, kila mjomba ana mafungu mawili na Mama moja. Akiichukua Singer kwa 10,000, angewafidia kaka zake 8,000 tu. Lakini fundi mmoja wa Mwanga alikuwa ameshaniambia angeinunua kwa 200,000. Kwa bei hiyo, Mama angedaiwa 160,000. Kila neno ambalo ningesema kuitetea cherehani ya Bibi lingetoka mfukoni mwa mama yangu.

Nilimwangalia. Yeye alikuwa anamwangalia Mjomba.

"Shikamoo zako napokea kila siku, mwanangu," aliniambia bila kugeuka, "sasa nipe na heshima ya hesabu. Andika bei ya cherehani. Chuma chakavu hakishoni."

Niliandika 200,000. Kisha nikawaeleza wajomba kuhusu pembe, mikunjo na sindano zinazovunjika, na kwamba hakuna cherehani kiraka: kila moja ina namba yake uwanjani. Mjomba mdogo alicheka. Mkubwa alikubali alipwe kidogo kidogo.

Mama huuza blanketi moja 40,000. Deni ni blanketi nne, ukiacha gharama ya uzi. La kwanza limeshakatwa, la vitenge vya bluu na manjano, na safu mbili zimeunganishwa kwa Butterfly. Kesho tunaanza pembe. Mama ameniambia nisipange safari ya kurudi chuoni kabla ya Jumapili. Anahitaji mtu wa kuzungusha.