Samaki wa Mti Chini ya Maporomoko ya Murchison

Msafiri atokaye Masindi kwenda kaskazini husikia ngurumo kabla hajauona mto. Hapo Nile hubanwa katika ufa wa mwamba wenye upana wa meta 7 hivi, kisha hutupwa chini meta 43. Mwaka 1864 Samuel Baker aliyapa maporomoko hayo jina la Murchison. Katika miaka ya 1970 yaliitwa Kabalega, kwa heshima ya mfalme wa Bunyoro aliyewapinga Waingereza, jina lililoyastahili zaidi.

Chini ya maporomoko, penye povu na mizunguko ya maji, hukaa sangara, ambaye Waganda humwita mputa. Aweza kufikia urefu wa meta 2 na uzito wa kilo 200. Chakula chake ni samaki wenzake, wala hapendi kumkimbiza mzima iwapo kilema yupo karibu.

Tabia hiyo ya samaki walao wenzao ilitambuliwa mbali sana na hapa. Huko Finland mvuvi maskini, Lauri Rapala, aliona kwamba samaki wakubwa huliacha kundi zima na kumrukia yule mmoja ayumbaye. Mwaka 1936 akachonga samaki kwa gome la mti litengenezwalo vizibo, akamvika karatasi ing'aayo ya chokoleti, na kwa kuwa hakuwa na fedha za kununua vanishi, akayeyusha filamu za picha akampaka. Kidevuni akamtia kipande kama ulimi. Avutwapo majini hutikisika kushoto na kulia mithili ya aliyejeruhiwa. Siri yote i katika mwendo huo. Rangi, yamkini, humvutia mnunuzi kuliko samaki.

Wavuvi wa starehe wafikao Murchison huchukua chambo cha jinsi hiyo kilicho kikubwa, nao hubadili ndoano zake kwa zilizo imara zaidi, maana mputa hunyoosha chuma chembamba kama waya wa kuanikia nguo. Husimama mwambani, hutupa kando ya mkondo, huvuta polepole. Haifai kwenda bila askari wa hifadhi: mamba hulala pale pale wakaapo samaki, na mtu ainamaye kumshika samaki wake hana macho ya kisogoni.

Kwa muda mrefu sana maporomoko haya yalikuwa ukuta. Mputa hakuweza kuyapanda, na maziwa ya Kyoga na Victoria hayakumjua. Katika miaka ya 1950 watu wakambeba mpaka juu. Huko akaleta viwanda na fedha za kigeni, lakini akawala furu, ambao Waganda huwaita nkejje, hata aina nyingi zikatoweka. Chini ya Murchison hana hatia hiyo. Ndiko kwao, na wanaoliwa naye wamezoea kumkwepa tangu zamani. Wavuvi wengi wa starehe, wakishampima, humrudisha majini.

Atakaye kujaribu hana budi kupata kwanza kibali cha Mamlaka ya Wanyama Pori ya Uganda. Boti ziendazo chini ya maporomoko huondoka Paraa.