Kifuko cha Karangamuntu

Mjukuu wangu alikikuta chini ya kanga zangu, akakigeuza mara mbili. "Bibi, humu ilikuwa inakaa simu gani ndogo hivi?" Ana miaka 19. Karangamuntu yake, yaani kitambulisho, ameibana nyuma ya simu, ndani ya kava, na simu anaitia mfuko wa nyuma wa suruali. Akiibiwa kimoja, ameibiwa vyote viwili.

Ni kifuko cha ngozi nyeusi. Alinishonea fundi viatu aliyekaa chini ya mwembe karibu na kwetu, mtaa wa Bubanza, hapa Kinama, Bujumbura. Hakutumia futi. "Lete kadi yenyewe," alikuwa akisema. Aliilaza juu ya ngozi, akaizungushia ncha ya msumari, akaacha ukingo wa upana wa punje ya mahindi, maana karatasi ikinywa jasho huvimba. Kadi zetu zilikuwa za karatasi ngumu ya kukunja, zimejazwa kwa mkono, na picha yenye muhuri wa komini. Mvua moja tu, wino unakimbia. Kwa hiyo ndani alitia nailoni ya mfuko wa chumvi. Uzi aliupitisha kwenye nta kwanza. Mpaka leo nikikifungua nasikia harufu ya ile nta, na ya gundi yake.

Siku zote nimesema nilishonewa mwaka wa harusi yangu, 1987. Nimeitazama kadi: ilitolewa 1989. Basi, yaishe.

Wanaume walikitia kamba wakakivaa shingoni, ndani ya shati. Kwa hiari yao, nasisitiza. Kenya ya mkoloni, tangu 1920, mwanamume Mwafrika alilazimishwa kutembea na kipande ndani ya kikasha cha bati shingoni, na Wakikuyu wakakiita mbugi, kengele ya mbuzi. Chetu kilikuwa kitu cha kutunza.

Halafu ikaja miaka ya vita, ya bariyeri barabarani na kuonyesha kadi. Ninachokumbuka mimi ni mlio wa kifungo chake. Nilijifunza kukifungua kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa wazi, unaonekana. Kilichosomwa kwanza ni mahali pa kuzaliwa: kilima, komini. Jina lilifuata baadaye. Mwaka 1995 fundi alivuka kwenda Uvira, Kongo, na cherehani yake. Hakurudi.

Baada yake tulinunua vya plastiki soko kuu, hadi lilipoungua Januari 2013. Vikaja vifuko vinavyopasuka pembeni kabla ya miezi mitatu, na mashine za kuplastifia. Mmoja wa wenye mashine hizo aliiunguza picha yangu kidevuni, akadai hela yake kamili. Kazi hiyo inaniudhi hadi leo.

Jana nilimwambia mjukuu aitoe kadi yake kwenye simu. Ilikuwa imejipinda kufuata mgongo wa simu, ina unyevu. Tuliiingiza kwenye ngozi polepole. Ukingo ulitosha.